Nani Anayehesabu Matone?

Mwaka 1832 kipindupindu kilipokuwa kikiua watu katika mji wa bandari wa Leith, Scotland, daktari Thomas Latta alimkuta bibi mzee aliyekauka maji mwilini, mapigo ya moyo yamepotea, na dawa zote za siku zile zimeshindwa. Akatia mrija kwenye mshipa wa mkono wake na kummiminia maji ya chumvi, zaidi ya lita tatu kwa nusu saa. Bibi akarudi. Macho yakapata uhai, viganja vikapata joto, akaanza kusema. Latta akaona hatari imepita, akamwachia mgonjwa daktari wa hospitali na kwenda zake. Kuhara na kutapika kukaanza upya, maji hayakuongezwa, na baada ya saa tano na nusu bibi akafariki. Latta mwenyewe aliyaandika hayo katika jarida la Lancet mwaka huohuo, na alisema wazi kwamba tiba ingerudiwa, mgonjwa angepona.

Kisa hicho ndicho chanzo cha dripu, na tatizo lililomwua yule bibi bado linazungumzwa hospitalini hadi leo. Kutundika maji ni kazi ya dakika chache. Kuyaangalia ni kazi ya usiku kucha.

Wazo la Latta lilipuuzwa kwa miaka mingi. Kipindupindu kilipoufagia mwambao wetu wa Afrika Mashariki mwaka 1858 na 1859, kisha kikarudi Zanzibar mwaka 1869 na 1870, hakukuwa na dripu ya kumwokoa mtu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu Unguja, aliandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo kikatoka 1876. Ilibidi kusubiri hadi 1931, kampuni ya Baxter ya Marekani ilipoanza kuuza maji safi ya mshipani yaliyokwisha kutengenezwa, yakiwa katika chupa za kioo. Mifuko ya plastiki laini tunayoiona leo ilifuata mwaka 1970.

Kifaa chenyewe ni chepesi. Mfuko unaning'inia juu, chini yake kuna kijichupa kinachoonyesha matone, halafu mrija wenye kigurudumu cha kubana na kulegeza. Mrija wa kawaida hutoa matone 20 kwa mililita moja. Kwa hiyo lita moja ya maji itakayoisha kwa saa nane inadai matone 42 hivi kila dakika. Mtoto wa kilo kumi anayehitaji lita moja kwa siku nzima anadai matone 14. Muuguzi anasimama, anaitazama saa yake, anahesabu kwa dakika nzima, anakaza kigurudumu, anahesabu tena, kisha anaenda kitanda cha pili. Mtoto akikunja mkono, hesabu inaharibika. Mfuko ukishushwa au kuinuliwa, hesabu inaharibika. Hapa kwetu Kenya, ambulensi inayotoka Msambweni, kaunti ya Kwale, kwenda hospitali kuu ya Makadara, Mombasa, ina kilomita 50 hivi za lami hadi Likoni, na kwa miaka mingi ilikuwa lazima ipande feri. Katika safari kama hiyo, dripu iliyopimwa vizuri wodini haifiki na kasi ileile.

Wazee wa Kwale wanaikumbuka vyema enzi ya kwinini. Mtoto aliyepatwa na degedege la malaria alitundikiwa dripu yenye kwinini, na dawa hiyo ilipaswa kuingia polepole kwa saa nne, kila baada ya saa nane. Ni saa 12 za kuhesabu matone kwa siku, kwa mtoto mmoja, katika msimu ambao wodi imejaa na vitanda vina watoto wawiliwawili. Kwinini ikikimbia, shinikizo la damu huanguka na moyo kwenda mrama. Ikichelewa, vimelea vinaendelea kula damu. Na kwinini yenyewe hushusha sukari mwilini, kwa hiyo hata dripu iliyokwenda sawasawa ilihitaji jicho.

Mkombozi hakuwa mashine. Mwaka 2010 matokeo ya utafiti ulioitwa AQUAMAT, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, yalionyesha kwamba waliopewa sindano ya artesunate walikufa kwa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini kwa asilimia 10.9. Kila dozi ya artesunate inadungwa kwa dakika chache tu. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka uliofuata. Nawaheshimu waliobuni vifaa vya kuhesabu matone, lakini ni haki kusema kwamba katika vita hivi vya malaria, hatua kubwa kuliko zote ilikuwa kuondoa haja ya kuhesabu.

Halafu ukaja utafiti ambao kila mzazi wa pwani anastahili kuujua. Uliitwa FEAST. Uliongozwa na daktari Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, na ulifanyika Kilifi, Muheza nchini Tanzania, na hospitali nne za Uganda. Tazama ramani: Kilifi iko kaskazini ya Kwale, Muheza iko ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, na watoto wa Msambweni wako katikati. Swali lilikuwa hili: mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri, je, amiminiwe maji mengi haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ndani ya saa moja, kama vitabu vya Ulaya na Marekani vilivyofundisha? Au apewe polepole, kiasi cha kumtunza tu? Wengi waliamini jibu linajulikana.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Kati ya watoto 3,141, waliomiminiwa maji ya chumvi haraka walikufa kwa asilimia 10.5 ndani ya saa 48, waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) haraka asilimia 10.6, na waliopewa maji polepole asilimia 7.3. Hakukuwa na sumu katika maji yale. Maji yaleyale yaliyo salama kwa mtoto wa kilo kumi yakiingia mililita 40 kwa saa, yalikuwa hatari yakiingia mililita 300. Watafiti wetu waliubadilisha mwongozo wa dunia, na ulimwengu wa tiba ukalazimika kukubali kwamba kasi ya dripu ni sehemu ya dawa.

Nchi tajiri zilikuwa zimeanza kutafuta mashine zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni kama IVAC ya San Diego zilileta vifaa vilivyotazama matone kwa jicho la umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Martin Wright wa Uingereza alitoa pampu ndogo ya sirinji inayotembea na betri, ambayo iliwaruhusu wagonjwa wa saratani kupata dawa ya maumivu wakiwa nyumbani. Baadaye zikaja pampu zenye kompyuta na orodha ya dawa ndani yake, zinazokataa kipimo kilichozidi.

Lakini mashine nazo hukosea, na hukosea kwa nguvu. Kati ya 2005 na 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipokea taarifa takriban 56,000 za madhara yaliyohusishwa na pampu hizi, na pampu zikarudishwa viwandani mara 87. Programu zilikwama, vitufe vilibonyezwa mara moja vikasajili mara mbili, betri zilikufa. Kwetu kuna jingine: pampu nyingi hukubali mrija wa kampuni yake tu. Mrija ukiisha, pampu inakaa kabatini. Na stima ikikatika, kama ilivyokatika karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, muuguzi anarudi kwenye saa yake.

Ndiyo maana kifaa kinachonivutia zaidi ni kidogo zaidi. Katika miaka ya 2010 kampuni ya Shift Labs ya Seattle ilitoa DripAssist, inayovishwa kwenye kile kijichupa cha matone. Miale isiyoonekana inapita katikati, kila tone likianguka linaikata, na kifaa kinahesabu na kuonyesha mililita kwa saa. Kasi ikibadilika, kinalia. Hakisukumi chochote, mvuto wa ardhi unafanya kazi yake, mkono wa muuguzi unakaza kigurudumu, na betri ya kawaida ya dukani inatosha. Kinafanya kazi na mrija wowote ulioko stoo.

Fikiria mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magineziamu kwa saa 24. Ikizidi, pumzi husimama. Tangu huduma ya uzazi ilipofanywa bure katika hospitali za umma Juni 2013, akina mama wengi wanajifungulia hospitalini, na hilo ni jambo jema. Kitanda cha namna hiyo ndicho cha kwanza kustahili king'ora.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Bajeti ya Kwale inapojadiliwa, wajumbe wa bunge la kaunti waulize maswali haya: katika hospitali za Msambweni, Kwale, Kinango na Lunga Lunga, ni dripu ngapi zinazoangaliwa na muuguzi mmoja usiku? Kila pampu inayonunuliwa, mirija yake imetengewa fedha kwa miaka mingapi? Fundi wake yuko wapi? Na kifaa cha kuhesabu matone kikija, kisitumike kama sababu ya kupunguza wauguzi, kwa maana king'ora kisicho na mtu wa kukiitikia hakimsaidii mgonjwa.

Nawe unayeuguza mtu wodini, usikiguse kile kigurudumu hata kama maji yanaonekana yamechelewa. Matone yakisimama, mkono ukivimba, au mgonjwa akianza kuhema kwa shida, mwite sista mara moja, hata kama ni saa nane za usiku.