Mawazo vamizi

Mawazo vamizi ni fikra, picha au misukumo inayomjia mtu akilini bila kuitaka, na mara nyingi humchukiza mwenyewe: mama aliyejifungua karibuni hujiona akimwangusha mwanawe, mcha Mungu husikia tusi kichwani katikati ya sala. Mwaka 1978, wanasaikolojia Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha kwamba hata watu wasio wagonjwa huwa nayo. Tatizo huanza pale mtu anapolichukua wazo kuwa ushahidi wa ubaya wake, akaanza kunawa, kukagua mlango au kuomba ahakikishiwe tena na tena. Nafuu huja, lakini ya muda mfupi, na hofu hurudi na nguvu zaidi.

Ushauri wa “usiyawaze hayo”, ingawa hutolewa kwa nia njema, haufai. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, Marekani, waliwakataza wanafunzi kumfikiria dubu mweupe. Matokeo yaliyochapishwa 1987 yalionyesha dubu huyo akiendelea kuwajia.

Tiba ya tatizo hili yenye ushahidi mkubwa ni mgonjwa kukabili kidogo kidogo anachokiogopa, akisimamiwa na mtaalamu, bila kutenda lile tendo la kujituliza, kama kunawa au kukagua mlango. Mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza njia hiyo London mwaka 1966. Dawa kama fluoksetini huongezwa inapohitajika. Mtaalamu anayeijua hali hii hashtushwi na wazo lenyewe, hivyo mgonjwa amweleze yote bila kuficha. Mwenye nia ya kujidhuru aende hospitali mara moja.