Mtoto Anayejikwaa Jioni: Historia ya Vitamini A na Macho

Je, umewahi kumwona mtoto anayecheza vizuri mchana, lakini giza likianza kuingia anapapasa ukuta na kujikwaa kwenye stuli? Huo huitwa upofu wa usiku. Leo tusikilize jinsi wanasayansi walivyogundua chanzo chake.

Mwaka 1876, mjini Rome, Mjerumani Franz Boll alichunguza macho ya vyura. Aliona kwamba utando ulio nyuma ya jicho una rangi nyekundu inayokaribia zambarau, na rangi hiyo hupauka ikipigwa na mwanga. Rangi hiyo ni protini iitwayo rodopsini. Ndiyo inayotusaidia kuona penye mwanga hafifu.

Mwaka 1933, Mmarekani George Wald alipata vitamini A ndani ya utando huo. Baadaye yeye na Ruth Hubbard walieleza inavyofanya kazi. Ndani ya rodopsini mna kipande kidogo kinachotokana na vitamini A, nacho kimepinda. Mwanga ukikigusa, kinanyooka, na jicho linapeleka habari kwenye ubongo. Kisha kipande hicho kinaachana na protini. Ili jicho lione tena gizani, ni lazima rodopsini itengenezwe upya. Vitamini A ikipungua mwilini, kazi hiyo inakwama. Wald alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Lakini mama, hatari haiishii machoni. Mwaka 1983, daktari Alfred Sommer na wenzake waliripoti kutoka Indonesia kwamba watoto wenye dalili za mapema, kama upofu wa usiku, walikufa kwa kiwango cha mara 4 hivi kuliko wenzao. Vitamini A husaidia mwili kupambana na magonjwa kama surua na kuhara.

Kwa hiyo, mtoto akijikwaa jioni, usimkemee kwamba ni mzembe. Mpeleke kliniki mara moja. Mtoto mzima naye apewe matone ya vitamini A anapofikisha miezi 6, kisha kila baada ya miezi 6 hadi atimize miaka 5. Nyumbani, mlishe mboga za majani, karoti, maembe, mapapai, mayai na viazi vitamu vya rangi ya machungwa.

Mweleze na jirani yako.