Kerneli imegoma kuwaka kwenye mashine pepe? Soma kioo kwanza, usifute



Swali linalonifikia sana ni moja, linabadilika nguo tu: "Kaka, nimewasha Ubuntu yangu ndani ya VirtualBox, maandishi meupe yamejaa kioo kizima, mwisho imeandika Kernel panic na imeganda. Nifanyeje?" Jibu wanalopeana vijana huko kafe nalo ni moja: futa, instoli upya. Mimi nasema ngoja kwanza! Mara nyingi diski ni nzima na kazi zako zimo humo humo, ila kerneli imeshindwa kuifikia. Ukifuta, umeua mgonjwa aliyekuwa na mafua. Kuna mdau mmoja wa chuo, mwaka wa mwisho, mradi wake wote ulikuwa ndani ya mashine pepe na washkaji walishamwambia abonyeze Remove. Tuliutoa mradi mzima mzima bila kuinstoli kitu. Namna tulivyofanya iko huko chini.

Kwa aliyeingia leo: mashine pepe ni kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. VirtualBox, VMware, KVM au Hyper-V ndizo zinazoiigiza prosesa, kumbukumbu na diski. Diski yenyewe ni faili tu kwenye kompyuta mwenyeji. Kwa VirtualBox faili hilo kwa kawaida linaishia na.vdi. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi, ndicho kinachoongea na vifaa na kuziamsha programu nyingine zote. Hapa nazungumzia zaidi Linux, Windows nitaigusa njiani.

NAKALA KWANZA

Zima mashine pepe, nakili lile faili la .vdi pembeni. Ile Snapshot ya VirtualBox ni nzuri lakini si nakala, maana inalitegemea faili lile lile la mwanzo. Likifa nayo imekufa.

Kwa watu wa kafe kuna mitego miwili. Flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. Unanakili, inakataa katikati, unabaki na kipande ambacho hakitawaka popote. Ifomati flashi kwa exFAT, ukijua kwamba kufomati kunafuta kilichomo. Mtego wa pili: kafe nyingi zina programu inayoirudisha kompyuta ilivyokuwa kila ikizimwa. Ukiiweka mashine pepe yako kwenye C: ya kompyuta kama hiyo, kesho huikuti, na hapo hata mimi siwezi kukusaidia.

JE, NI KERNELI KWELI?

Si kila kugoma ni kosa la kerneli. Ukiona "No bootable medium found", kerneli haijaguswa hata kidogo: diski haijaunganishwa au mpangilio wa kuwasha umevurugika, nenda Settings, kisha Storage. Ukiona "grub rescue>", anayelia ni GRUB, yule mpiga filimbi anayeipakia kerneli. Ukitupwa kwenye "Shell>" ya rangi rangi, angalia kama alama ya EFI kwenye Settings, System inalingana na jinsi mfumo ulivyoinstoliwa. Hayo ni mambo mengine kabisa.

Kerneli ikishaanza, inasema. Tatizo ni kwamba Ubuntu inaziba mdomo wake kwa picha nzuri. Kwenye orodha ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa maneno quiet na splash, kisha Ctrl+X. Orodha haitokei? Bofya kwanza ndani ya dirisha la mashine pepe ili kibodi iwe yake, halafu shikilia Shift wakati inawaka. Kwa mashine ya EFI gonga Esc.

Na kama maandishi yanapita mbio kuliko macho, kuna ufundi ambao wengi hawautumii. Kwenye Settings, Serial Ports, washa Port 1, chagua Raw File na uandike jina la faili. Kisha kwenye ule mstari wa linux ongeza:

console=tty0 console=ttyS0,115200

Sasa kila neno la kerneli linaandikwa kwenye faili huku kwenye kompyuta mwenyeji. Unalifungua kwa Notepad na kusoma taratibu.

ULE UJUMBE MAARUFU

Huu ndio mama yao:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Kerneli inasema: nimeamka salama, natafuta sehemu ya diski yenye mfumo, siioni. Zitazame hizo namba mbili kwenye mabano, zina maana. Sifuri na sifuri ni kwamba hakuna kifaa chochote ilichokitambua kuwa ndicho. Lakini zikiwa 8,1 habari ni tofauti: 8 ni namba ya diski za aina ya sd, na 1 hapo ni sda1. Yaani diski imeiona, ila imeshindwa kusoma mfumo wa mafaili uliomo. Juu kidogo ya ujumbe huo kerneli huorodhesha vipande vya diski inavyoviona. Orodha ikiwa tupu, au ikiwa na sr0 peke yake ambayo ni CD, basi ina maana haina draiva ya diski.

Kwa nini isiwe nayo? Kwa sababu draiva nyingi hazimo ndani ya kerneli yenyewe. Zimo kwenye kifurushi cha kuanzia kinachoitwa initramfs, kwenye Ubuntu faili lake ni initrd.img ndani ya /boot. Kifurushi kikikosekana, kerneli ni fundi aliyefika saiti bila boksi la vifaa. Na njia ya kawaida kabisa ya kukosekana ni hii: ulikuwa unafanya apdeti, kerneli mpya ikaingia, umeme ukakatika (si mnaujua umeme wetu) au /boot ikajaa kabla kifurushi hakijatengenezwa.

Dawa: kwenye GRUB ingia "Advanced options for Ubuntu", chagua kerneli ya zamani. Ikiwaka, na mara nyingi inawaka, fungua terminal:

ls -lh /boot
df -h /boot

Tafuta vmlinuz ambayo haina initrd.img yenye namba ile ile. Hiyo ndiyo mgonjwa. Kisha:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt autoremove --purge
sudo update-initramfs -c -k NAMBA-YA-KERNELI
sudo update-grub

Ya kwanza ikilalamika kuwa hakuna nafasi, punguza kwanza kerneli za zamani kisha urudie. Ila usifute ile unayoitumia sasa hivi! Andika uname -r uijue.

Kama hakuna kerneli ya zamani, unganisha ISO ya Ubuntu kwenye CD ya kuigiza, iwashe kwa "Try Ubuntu", uangalie kwa lsblk mfumo wako uko kipande gani. Tuseme ni sda2:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
for i in dev proc sys run; do sudo mount --bind /$i /mnt/$i; done
sudo chroot /mnt

Hapo umo ndani ya mfumo wako mgonjwa, endesha zile amri za juu. Kama /boot ina kipande chake, kipandishe nacho kabla ya chroot.

Jambo jingine la dakika moja: ongeza kumbukumbu. Mashine pepe ikipewa RAM ndogo mno kifurushi hakifunguki, na matokeo yake ni panic ile ile. Weka MB 2048 ujaribu.

UMEHAMISHA MASHINE

Kesi ya pili kwa wingi ni ya mtu aliyetoa mashine VMware akaileta KVM, au aliyebadilisha kontrola ya diski kwa kubofya bofya. Kwenye VirtualBox diski ilikuwa sda. Kwenye KVM yenye virtio inaitwa vda. Kama root= au faili la /etc/fstab limeandika /dev/sda1 badala ya UUID, kerneli itaisubiri sda1 mpaka kiama.

Rocky, AlmaLinux na ndugu zao wana mkasa wao. Dracut, inayowatengenezea initramfs, kwa kawaida hupakia draiva za mashine ile iliyopo tu. Ukihama, virtio haimo, unaishia na "dracut-initqueue timeout". Chagua ile kerneli yenye neno rescue kwenye GRUB, yenyewe imebeba draiva zote, kisha:

sudo dracut -f --regenerate-all

Windows nayo ina ugonjwa huo huo, inauita INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, namba 0x7B. Dawa ya haraka kwa wote: rudisha kontrola iwe ile ya zamani, kwa mfano kutoka virtio kwenda SATA. Hapo ndipo mashine pepe inaishinda ya chuma, unabadilisha nyaya bila bisibisi.

PROSESA IMEKATALIWA

Hapa wenye kompyuta za mtumba wasikilize. Ujumbe "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU" una maana umeipa mashine pepe aina ya biti 32 na unawasha mfumo wa biti 64. Badilisha aina. Kama VirtualBox haikupi kabisa chaguo la biti 64, ingia BIOS ya kompyuta yenyewe uwashe Intel Virtualization Technology, au SVM kwa AMD. Kompyuta ya kafe si yako, muulize mwenye kafe kwanza.

Halafu kuna hili lililowachanganya wengi tangu Red Hat Enterprise Linux 9 ya 2022 na wenzake waliofuata nyayo:

Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2
Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init!

Watu wanasoma mstari wa pili, wanailaumu kerneli. Kosa liko mstari wa kwanza. Kerneli iliamka, diski ikaonekana, ila programu ya kwanza kuamshwa ilikataa prosesa ikafa, na bila hiyo Linux haiwezi kuendelea. Kwenye KVM au Proxmox mara nyingi prosesa halisi ni nzima, ni ile ya kuigiza iliyowekwa kvm64. Weka host, mchezo umekwisha. Lakini kama kompyuta yako ni Core 2 Duo, hakuna ufundi: prosesa hizo hazina maagizo ya SSE4.2 yanayotakiwa. Toleo la 10 la 2025 limepanda zaidi, linataka x86-64-v3, ambayo kwa upande wa Intel ilianza na Haswell ya 2013. AlmaLinux wao wametoa pia toleo la 10 kwa v2. Mwenye mashine ya zamani achukue Debian ya biti 64, asijitese.

UMEME ULIKATIKA TU

Ukiangukia kwenye alama ya initramfs ndani ya mabano, na juu imeandikwa "RUN fsck MANUALLY", diski inaonekana ila mafaili yamevurugika. Ujumbe wenyewe unataja kipande. Kama ni sda2, andika fsck -y /dev/sda2, ikimaliza andika exit. Lakini fanya hivyo ukiwa na nakala, kwa sababu fsck huamua yenyewe kipi kibaki na kipi kiende.

KUTOA KAZI ZAKO

Sasa ile niliyowaahidi. Hata kerneli isipowaka kabisa, diski ni faili. Zima mgonjwa, iondoe diski yake kwenye Storage, iunganishe kwenye mashine pepe nzima kama diski ya pili. Itaonekana sdb:

sudo mount -o ro /dev/sdb2 /mnt

Hilo ro ni la kusoma tu, huharibu kitu. Nakili kazi zako utoke. Kama ulikuwa na Snapshot, chagua diski ya mwisho kwenye mnyororo, siyo ile ya mwanzo, la sivyo utakuta mambo ya zamani. Na ukitumia nakala ya .vdi VirtualBox itaikataa kwa kuwa UUID zinafanana. Ibadilishe kwa VBoxManage internalcommands sethduuid ikifuatiwa na jina la faili.

Msidhani hii ni mbinu ya kafe tu. Tarehe 19 Julai 2024 faili bovu la CrowdStrike liliiangusha Windows kuanzia kwenye draiva ya kerneli, na Microsoft ilikadiria kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Mashine pepe zilizokuwa Azure zikawa zinawaka na kuanguka, zinawaka na kuanguka. Njia mojawapo waliyopewa mafundi ilikuwa hii hii: toa diski, iunganishe kwenye mashine nzima, futa lile faili, rudisha. Nyingine ilikuwa kuizima na kuiwasha tena na tena, wengine wakasema mpaka mara 15!

Mwenye kesi ambayo haimo humu aiache kwenye maoni. Ila tafadhali, neno "imegoma" peke yake halitoshi. Andika programu unayotumia na toleo lake, mfumo uliomo ndani, kitu cha mwisho ulichobadilisha, na mistari kumi iliyo JUU ya neno panic.