Ua na Unga: Neno Moja la Waingereza



Jioni moja kijana wa parokia yetu alinijia na daftari yake ya Kiingereza, uso umemkunjamana. Katika insha yake aliandika kwamba mama amenunua kilo mbili za maua apate kuoka mkate. Mwalimu akampunguzia alama, na darasa zima likamcheka. Maskini, alikosa herufi tu. Kwa Waingereza "flour" ni unga, "flower" ni ua, na mdomoni hutamkwa namna moja. Akaniuliza, "Katekista, mbona Waingereza wanatutega hivi?"

Nilimjibu kwamba mtego haupo. Hayo mawili yalikuwa neno moja, na miaka 300 iliyopita hakuna ambaye angalimcheka.

Mwanzo wake ni kwa Warumi, waliosema flos. (Sisi tuliopita seminarini tulikariri flos, floris kabla hatujaota ndevu.) Wafaransa wa kale walilipokea wakalitamka kwa namna yao. Halafu mwaka 1066 Guillaume, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na askari wake akaishinda Uingereza. Tangu hapo wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa kwa muda mrefu, na maneno yao yakashuka polepole hata kwa watu wadogo. Ndivyo neno lao la ua lilivyoingia. Neno la wenyeji, "blossom", halikufa, bali lilibakiwa hasa na maua ya miti, kama yale yanayotangulia matunda.

Lakini unga waingiaje hapa? Wafaransa walikuwa na desturi ya kuita sehemu iliyo bora ya kitu "ua" lake. Mtazame mama anayechunga unga: pumba hubaki katika chekeche, na ule mweupe, laini, huanguka chini kimya. Huo ndio waliouita "ua la unga", na hata leo Wafaransa husema "fleur de farine". Waingereza walifupisha. Waliacha "la unga" wakashika "ua" peke yake, na kila aliyekuwa jikoni alielewa ni ua gani linalotakiwa. Baadaye jina likauenea unga wote, hata ule usio bora.

Kwa karne nyingi kila mtu aliandika neno hilo apendavyo. Bwana Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, aliweka ua la bustani na unga wa mkate mahali pamoja, kwa maandishi yale yale ya "flower". Ni baada yake ndipo watu walipozoea kabisa kuwatenganisha ndugu hawa wawili, mmoja bustanini, mwingine jikoni.

Ukoo wao ni mkubwa. Warumi walikuwa na tendo florere, yaani kutoa maua, na tena kufanikiwa. Ndilo lililozaa "flourish" la Waingereza. Hapo hatuhitaji kufundishwa, maana sisi nasi husema mahindi yamesitawi, na mji umesitawi. Hata jimbo la Florida, kule Marekani, ni la ukoo huu. Mwaka 1513 Mhispania Juan Ponce de León aliifikia pwani yake siku za Pasaka, na Wahispania huiita sikukuu hiyo Pascua Florida, Pasaka ya maua.

Kijana alisikiliza yote, macho yakang'aa. Akataka kurudi kwa mwalimu na habari za Bwana Johnson, adai alama zake. Nikamwambia kwamba kamusi ya 1755 haisahihishi mtihani wa leo. Alicheka, akachukua kalamu, akafuta lile neno na kuuandika unga kwa herufi zake za sasa.