Cherehe, Maji na Mchanga wa Kwale

Mtu yeyote anayeishi Ukunda anaijua sauti ya grainda. Asubuhi hujamaliza hata chai na mahamri, tayari geti la mtu linakatwa huko nje, cheche zinaruka hadi barabarani. Sasa muulize mtu ile diski imetoka wapi. Atakwambia imetoka dukani. Haya, leo twende nyuma ya duka.

Msimamo wangu nauweka mapema: historia ya jiwe la kunolea si historia ya ukali. Ni historia ya joto. Karibu kila aliyeliboresha alikuwa anapigana na moto.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno cherehe, yaani jiwe la duara la kunolea. Asili yake ni charkh ya Kiajemi, maana yake gurudumu, na ndugu yake ni cherehani. Kwa hivyo mshonaji wa Msambweni na mnoa visu wa Diani wanakula jasho la neno moja.

Kusaga na kusugua pwani hii ni kazi ya zamani kuliko neno lenyewe. Tumbe, kisiwani Pemba, waakiolojia walichimbua vigae vingi vya vyungu vyenye mifereji, vya karne ya 7 hadi ya 10. Watu walikuwa wakisugulia shanga za kombe humo. Hebu fikiria: udongo uliochomwa, wenye chembe ngumu ndani, unalainisha kitu kingine. Shikilia hiyo picha, tutairudia.

Turuke hadi Sheffield, Uingereza, mji wa visu. Huko walitumia magurudumu ya mawe ya mchanga. Wengine walinoa kwa maji, wengine wakavu. Miaka ya 1830 daktari mmoja, Arnold Knight, aliandika walivyokuwa wakifa. Wanoa uma, waliofanya kazi kavu, walikufa kati ya miaka 28 na 32. Wanoa visu vya mezani, waliotumia jiwe lenye maji, walifika kati ya 40 na 50. Soma tena hizo namba. Maji yaliyopoza chuma yalizuia pia vumbi la jiwe lisiingie mapafuni. Umri wa mtu ulitegemea ndoo ya maji!

Mwaka 1873 mambo yakageuka, na aliyeyageuza hakuwa injinia. Huko Worcester, Marekani, mfinyanzi aitwaye Sven Pulson, aliyefanya kazi kwa Frank Norton, alichanganya chembe za kusagia na udongo, akachoma kwenye tanuri. Umekumbuka vigae vya Tumbe? Udongo ukichomwa hivyo unabaki na vitundu vidogo, na vile vitundu ni mali. Vinabeba maji hadi pale jiwe linapogusa chuma, na vinatoa nafasi kwa vipande vya chuma kutoka badala ya kuziba.

Mwaka 1891 Edward Acheson alipata kabureti ya silikoni akihangaika kutengeneza almasi bandia, akaiita Carborundum. Mwaka 1897 Charles Jacobs akapata alumina ngumu kwa kuyeyusha boksiti. Tangu hapo watu hawakutegemea tena jiwe la mlimani. Waliweza kuchagua chembe, gundi na nafasi iliyo katikati.

Hapa sasa ndipo utamu ulipo. Unaweza kudhani jiwe bora ni lile lisiloisha. Hapana. Chembe ikishakuwa butu haikati tena, inasugua tu, na kusugua ni joto. Jiwe zuri linaiachia chembe butu idondoke ili mpya itokee. Ndiyo maana chuma kigumu kinataka jiwe laini, na chuma laini kinataka jiwe gumu. Jiwe linalokataa kuisha linaunguza kazi. Nalo gurudumu likizunguka kwa kasi linajivika upepo, na upepo huo unayasukuma maji pembeni. Ndiyo sababu viwandani wanakata mifereji kwenye magurudumu, au wanapiga maji kwa nguvu hasa pale linapogusa. Kumwaga maji mengi tu hakutoshi.

Mzee mnoa visu wa baiskeli anayajua haya bila kuitwa fundi mitambo. Baiskeli imesimamishwa, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, kopo la maji liko kando. Ananoa kidogo, anachovya. Anajua chuma kikigeuka buluu, kisu kimekufa: kitanolewa leo, kesho butu. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo swali la nani anastahili kuitwa mhandisi linanigusa. Lakini hata ningemaliza, jibu langu lingekuwa hilohilo. Kopo lile ni elimu.

Sasa rudi Kwale. Shehena ya kwanza ya madini ya Base Titanium ilisafirishwa Februari 2014, na uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Kulikuwa na ilmenaiti, rutili na zirkoni. Rutili hutumika kwenye vijiti vya kuchomelea vyuma. Zirkoni hutoa zirkonia, na zirkonia ikiyeyushwa pamoja na alumina hutoa chembe za diski za kazi nzito. Mchanga wetu uliondoka kupitia Likoni ukiwa mchanga. Diski na vijiti vinashuka bandarini Mombasa, tunavinunua. Miaka kumi hiyo tulibishana sana kuhusu fidia na mrabaha, na ilikuwa haki yetu. Lakini ni wangapi tuliuliza mchanga huu unatengeneza nini?

Na hili si la historia peke yake. Diski ndogo ya milimita 115, grainda ikizunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda zaidi ya kilomita 230 kwa saa. Hakuna matatu ya Likoni inayofika huko! Diski hizo zimeshikwa na gundi ya resini, na unyevu unaidhoofisha, nasi tunaishi kando ya bahari. Angalia pete ya chuma katikati: zilizo nyingi zimepigwa tarehe ya mwisho. Ikipita, tupa. Usimwagie maji grainda ya umeme. Usikandamize, iache ikate yenyewe, ipumue. Kinga isitolewe. Na ukikata vigae au zege, vaa barakoa ya vumbi, kwa sababu lile vumbi la Sheffield halijawahi kufungwa kwenye makumbusho.

Mtumie posti hii fundi wako. Na mzee wa baiskeli akipita mtaani, mpelekee kisu, halafu muulize kuhusu lile kopo.