Wachora Sarafu na Dhahabu ya Ukanda wa Ziwa

Sarafu ya kumbukumbu ni sarafu inayotolewa na serikali au benki kuu kwa ajili ya tukio maalumu: nchi kutimiza miaka kadhaa ya uhuru, taasisi kuadhimisha kuzaliwa kwake, au wito kwa dunia juu ya jambo fulani, kama kuwalinda wanyama wasitoweke. Ni fedha halali kwa kiasi kilichoandikwa usoni mwake, ingawa wenye nazo huzihifadhi kabatini kuliko kuzipeleka sokoni. Kila moja imepita katika mikono ya watu wa aina mbili. Kuna mchoraji, anayebuni picha na kuamua herufi zikae wapi, na kuna mchonga mihuri, anayeihamishia picha hiyo kwenye chuma kigumu kitakachogongwa juu ya dhahabu, fedha au shaba. Majina ya watu hawa hayaandikwi mahali ambapo mwenye sarafu ataweza kuyasoma, na kwa sababu hiyo historia yao imebaki vipande vipande.

Kwa upande wa Tanzania historia hiyo inaanzia ardhini. Miamba ya kale yenye dhahabu, ambayo umri wake unazidi miaka bilioni 2.5, imetawanyika kusini mwa Ziwa Viktoria kuanzia Geita, ikapita Kahama na Shinyanga, ikashuka hadi Nzega na kuishia Sekenke, upande wa Iramba, ambako leo ni Mkoa wa Singida. Wajerumani, watawala wa wakati huo, waliiona dhahabu ya kusini mwa ziwa katika miaka ya 1890. Hata hivyo mgodi wao wa kwanza wa maana ulikuwa Sekenke, ulioanza kazi mwaka 1909. Mgodi huo ndio uliotoa dhahabu ya sarafu ya dhahabu iliyopigwa ndani ya nchi hii mwaka 1916.

Sarafu yenyewe haikukusudiwa kuwa ya kumbukumbu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga bahari, na rupia, fedha ya koloni, zilizokuwa zikitoka Ujerumani zikakoma kuja. Serikali ya koloni ilichapa noti za haraka, baadhi yake kwa mihuri ya mpira ya kuchezea watoto, na watu hawakuziamini. Mfanyabiashara wa ngozi au karanga aliyezoea kuhesabu rupia za fedha hakuona sababu ya kupokea kipande cha karatasi kutoka kwa serikali inayorudi nyuma kila wiki. Ndipo karakana ya reli mjini Tabora ilipogeuzwa kuwa kiwanda cha kupigia fedha. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Friedrich Schumacher, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akiongoza mgodi wa Sekenke, na ambaye baadaye alikuwa profesa huko Ujerumani. Zilianza sarafu ndogo za heller 5 na 20, zilizopigwa kwa shaba na shaba nyeupe ya mabaki. Kisha, kwa miezi michache ya mwaka 1916, ikapigwa rupia 15 ya dhahabu.

Mchoro wa rupia 15 unahesabiwa kuwa wa R. Vogt. Upande mmoja kuna tai wa dola ya Kijerumani, jina la koloni na thamani. Upande wa pili kuna tembo aliyeinua mkonga akipiga baragumu, nyuma yake safu ya milima, chini yake mwaka 1916 na herufi T, alama ya Tabora. Kumbukumbu za wakusanyaji zinamtaja mchonga mihuri kuwa sonara wa Kisinhala, mtu wa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Hazikumpa jina. Masonara wa Kihindi na wa Ceylon walikuwa wakifanya kazi katika miji ya pwani na bara tangu zamani, wakifua bangili na vipini, na ustadi wa mkono wake hauna budi kutokana na kazi ya namna hiyo.

Ukiikaribia sarafu hiyo kwa kioo cha kukuzia, mkono wa sonara unaonekana. Mihuri haikutolewa kwenye kielelezo kimoja kwa mashine, ilichongwa. Kwa hiyo upande wa tai una sura mbili: kwenye sarafu nyingine ncha ya kulia ya pambo inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, na kwenye nyingine inaishia chini ya herufi A inayofuata. Tofauti hiyo ni chini ya upana wa punje ya mtama, na kwa mkusanyaji ndiyo inayotenganisha aina moja na nyingine. Tembo naye hakuchorwa na mtu aliyekaa Berlin akinakili kitabu. Amesimama kwa uzito wote, masikio yamefunguka, mguu umetangulia. Kati ya picha zote zilizowahi kuwekwa kwenye fedha za Afrika Mashariki, hii ina nguvu kuliko karibu zote, na ilifanywa katika karakana ya kutengenezea vichwa vya treni.

Uzito wa sarafu ni gramu 7.168, na robo tatu yake ndiyo dhahabu, yaani gramu 5.376. Kiasi kilichobaki ni madini ya kuchanganyia. Thamani iliyoandikwa, rupia 15, ilikuwa sawa na marki 20 za Kijerumani au pauni moja ya Kiingereza kwa hesabu ya wakati ule, japo dhahabu iliyokuwamo haikufikia ile ya pauni. Zilipigwa 16,198. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora, na kazi ikawa imekwisha. Sarafu zilisambaa mifukoni mwa wanajeshi na wafanyabiashara, nyingi zikavushwa bahari, na hivi leo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya kwa bei iliyozidi mara nyingi thamani ya dhahabu yake. Kilichotengenezwa kwa dharura kimekuwa kumbukumbu ya vita vyenyewe.

Wakati wa Waingereza kazi ya kuchora ilihamia London moja kwa moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ilitoa shilingi yenye simba mbele ya milima kuanzia mwaka 1921. Kichwa cha Mfalme George V upande wa pili kilikuwa kazi ya Bertram Mackennal, mchongaji mzaliwa wa Australia, na kichwa hichohicho kilitumika katika makoloni mengi. Mkulima wa pamba wa Shinyanga alipokea shilingi hiyo kama alivyoipokea mwenzake wa Kisumu au Jinja. Dhahabu ya Geita, ambako mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, iliondoka bila kuguswa na mchoraji yeyote wa hapa.

Katika kipindi hicho Shinyanga ilitoa kitu kingine cha ukumbusho, ambacho si sarafu lakini kilifuata njia ileile. Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa almasi Mwadui, kaskazini mashariki ya mji wa Shinyanga. Mwaka 1947 ilipatikana huko almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa akiolewa mwaka huo. Ilikatwa London na kubaki karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwake, Frederick Mew, mbunifu wa Cartier mjini London, aliiweka katikati ya bruchi yenye umbo la ua, petali zake na majani zikiwa za almasi nyeupe. Hapa jina la mbunifu limehifadhiwa, na la mgunduzi pia. La mchimbaji aliyeliinua jiwe halitajwi pamoja nao.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, mwaka uleule mgodi wa Geita ulipofungwa, na sarafu za kwanza za taifa zikatoka. Mchoraji wake alikuwa Christopher Ironside, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 1992, yuleyule aliyechora sarafu za desimali zilizoingia kwa ukamilifu Uingereza mwaka 1971. Kwa Tanzania alichora kichwa cha Mwalimu Julius Nyerere pamoja na maneno RAIS WA KWANZA, na kwa upande wa pili akampa kila sarafu kiumbe au kitu chake: samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, na mkono ulioshika mwenge kwenye shilingi. Mwenge uliwashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru mwaka 1961, na kila mtoto aliyetumwa dukani aliutambua. Sungura naye hakuhitaji maelezo katika nchi ambayo jioni huanza kwa hadithi zake. Ironside alikuwa mgeni, lakini picha alizochora zilizoeleka haraka, na wengi waliozishika kwa miaka hawakuwahi kusikia jina lake.

Kazi ya wachoraji wa enzi yake ilikuwa ya polepole. Mchoro ukishakubaliwa na benki, mchongaji huufanya upya kwa plasta kwenye sahani yenye upana mara kadhaa kuliko sarafu, ili pua, ukosi na manyoya vionekane. Plasta hunakiliwa kwa chuma. Kisha mashine ya kupunguzia huweka sindano moja juu ya nakala hiyo, na ncha nyingine inayokata hufuata mwendo uleule kwa kipimo kidogo juu ya chuma cha pua. Hapo hutoka muhuri mama, na kutoka kwake mihuri ya kazi. Hatari kubwa iko kwenye kina: picha ikiinuka mno, shinikizo la mashine halitajaza mashavu ya uso, na ikilala mno sarafu itachakaa kabla ya wakati. Sarafu za kumbukumbu za daraja la juu hugongwa zaidi ya mara moja kwa mihuri iliyong'arishwa, uwanja ukabaki kama kioo na picha ikawa na ukungu mweupe. Siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo hufanywa kwa kompyuta.

Sarafu ya kwanza ya kumbukumbu ya Tanzania ilikuwa shilingi 5 ya mwaka 1971, miaka 10 ya uhuru. Mwaka 1974 zilifuata zile za hifadhi ya wanyama, sehemu ya mpango uliohusisha nchi nyingi na Mfuko wa Dunia wa Wanyamapori: twiga kwenye shilingi 25 na faru mweusi kwenye shilingi 50, zote za fedha, na duma kwenye shilingi 1,500 ya dhahabu yenye gramu 33.437. Mwaka 1981 ilitolewa shilingi 20 ya miaka 20 ya uhuru, na mwaka 1986 nyingine ya miaka 20 ya Benki Kuu. Mwaka huohuo wa 1986 wanyama walirudi, tembo na mtoto wake kwenye fedha, na ndege chozi kwenye dhahabu. Zote zilipigwa ng'ambo, kwa kuwa Tanzania haina kiwanda cha kupigia sarafu. Miaka 50 ya uhuru iliadhimishwa mwaka 2011 kwa sarafu ya fedha ya shilingi 50,000.

Majirani wamekwenda njia yao. Kenya ilitoa shilingi 40 mwaka 2003 kwa miaka 40 ya uhuru ikiwa na sura ya Rais Mwai Kibaki. Katiba ya mwaka 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, na wachoraji wa sarafu zilizotoka mwaka 2018 wakageukia wanyama. Tanzania iliendelea na viongozi: Ali Hassan Mwinyi kwenye shilingi 50, Nyerere kwenye 100, Abeid Amani Karume kwenye 200 na, kuanzia mwaka 2014, kwenye 500, ambayo ina nyati upande wa pili.

Huko Geita dhahabu ilirudi kuchimbwa kwa wingi mwaka 2000 mgodi mkubwa wa wazi ulipofunguliwa, na Bulyanhulu upande wa Kahama ukafuata mwaka 2001. Pembeni yao wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, husaga mawe kwa karasha, huosha mchanga kwenye mialo na kuuza sokoni. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019. Mwanza na Geita sasa zina mitambo ya kusafisha dhahabu, na kuanzia Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao iuzwe Benki Kuu. Dhahabu hiyo huhifadhiwa kwa umbo la vipande vilivyogongwa uzito, kiwango cha usafi na namba. Ili kipande kama hicho kiwe sarafu kingehitaji kuchanganywa na shaba kidogo kiwe kigumu, kisukumwe kuwa bati, kikatwe visahani, kisha kigongwe kwa muhuri. Hatua za mwisho hazijafanywa nchini tangu karakana ya Tabora ilipofungwa.