Kompyuta iliyosoma majina ya waombaji udaktari

Mwaka 2026 unatimiza miaka 40 tangu Aggrey Burke, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Jamaika, na mwenzake Joe Collier, bingwa wa dawa, walipochapisha utafiti mfupi kuhusu vyuo vya tiba vya London. Wote wawili walifundisha St George's, kimojawapo cha vyuo hivyo. Walichukua orodha za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wakahesabu majina ya Kizungu, yasiyo ya Kizungu, na wanawake. Hesabu hiyo iliwatia wakubwa tumbo joto.

Swali la nani anaruhusiwa kuwa daktari lina upande wa pili: habari za watu wazima wanaorudi darasani ili waombe udaktari Uingereza, ambazo huanzia 1978. Mwaka huo serikali iliziomba mamlaka saba za elimu za mitaa zianzishe kozi za mwaka mmoja kwa watu wazima wasio na vyeti vya kuingilia chuo kikuu, hasa kutoka jamii za weusi na Waasia. Zikaitwa kozi za Access. Mwanzoni zililenga ualimu na ustawi wa jamii. Mwaka 1987 zikatambuliwa rasmi kuwa njia ya tatu ya kuingia chuo kikuu.

Wakati mlango huo unafunguliwa, pale St George's Dk. Geoffrey Franglen, aliyehusika na udahili, alikuwa akiandika programu ya kompyuta. Maombi yalifika kama 2,500 kwa mwaka, na robo tatu ya waombaji waliachwa bila kuitwa kwenye usaili. Franglen alitaka kazi iende haraka na kila mtu apimwe kwa kipimo kimoja. Programu ilikamilika 1979. Kufikia 1982 ndiyo iliyofanya mchujo wote wa awali. Ilikubaliana na maamuzi ya wajumbe wa jopo la udahili kwa asilimia 90 hadi 95, nao wakaridhika.

Kumbe ilikuwa imerithi hata chuki zao. Jina lisilo la Kizungu liliweza kumgharimu mwombaji pointi 15, na mwanamke alipoteza 3 kwa wastani kwa kuwa mwanamke tu. Burke na Collier walilipeleka suala hilo kwenye Tume ya Usawa wa Rangi. Ripoti yake ya 1988 ilisema huenda watu 60 kila mwaka walinyimwa usaili kwa sababu ya rangi au jinsia. Kinachouma zaidi, St George's ilikuwa na wanafunzi wengi wasio wa asili ya Kizungu kuliko vyuo vingi vya tiba London. Ilinaswa kwa sababu ubaguzi wake uliandikwa, ukaweza kusomwa. Kwingine ulibaki vichwani mwa watu, na hakuna tume inayoweza kuupekua huko. Burke na Collier wanastahili kukumbukwa kuliko wanavyokumbukwa.

Kozi za Access zinazolenga udaktari zilikuja baadaye. Ile ya chuo cha King's Lynn, Norfolk, inajulikana sana. Stashahada yake ina krediti 60, na anayemaliza shahada baada yake hufutiwa deni la mkopo wa kozi hiyo. Kwetu Tanzania, njia inayokaribiana na hiyo ni ya tabibu, anayeweza kuomba kusomea udaktari kwa stashahada yake ya utabibu.

Hata hivyo, si kila chuo cha tiba Uingereza kinaipokea Access. Na maombi ya udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, wakati masomo yameanza Septemba. Mama wa watoto wawili aliyeacha shule miaka 15 iliyopita anahitaji mwalimu wake amkadirie alama baada ya kukaa darasani wiki tano tu.